Usivute Hata Kimoja

"Usivute hata kimoja," mama aliniambia kwenye simu. "Mpaka nije mwenyewe nivishike shingo."

Nilikuwa nimesimama chini ya mfyulisi, juu kabisa ya shamba letu. Huko kwetu Mgeta mtandao ukiamua kushika, unashika pale tu, tena uegemee shina upande unaotazama bondeni. Ukisogea kidogo sauti inakatika na unabaki unaongea peke yako kama kichaa. Chini yangu matuta yalishuka kama ngazi mpaka kwenye mfereji, na yale ya juu yote yalikuwa ya vitunguu saumu. Majani ya chini yalikuwa yameanza kukauka.

"Sawa, mama," nikasema. Ningesema nini tena? Mama yangu habishiwi kuhusu saumu. Hata marehemu baba, ambaye aliweza kubishana na mvua, kwenye saumu alikuwa ananyamaza.

Mama alikuwa mjini Morogoro, kwa mdogo wangu wa kiume, kalala kitandani. Wakati tumemaliza tu kupanda, asubuhi moja ya ukungu, aliteleza kwenye njia ya mferejini akiwa na ndoo kichwani, akavunjika nyonga. Vijana wa kijijini walimbeba kwa machela ya miti mpaka gari linapofika. Hospitali wakamtia chuma, wakasema atatembea, ila apewe muda. Kutembea kwenye sakafu ya saruji na kupanda milima ya Uluguru ni mambo mawili tofauti. Hilo daktari hakulisema, na sisi hatukumuuliza.

Kwa hiyo nikabaki peke yangu na vitunguu. Mimi ni mtu mzima, nimeolewa nikaachika, nimeshona nguo mjini miaka mingi kabla sijarudi mlimani kwa mama, nimeshapata na mvi. Lakini sikuwahi hata siku moja kuamua siku ya kuvuna saumu. Kazi yangu ilikuwa kuvuta, kufunga mafungu na kutundika. Kuamua ilikuwa kazi ya mama. Alikuwa anatembea kati ya matuta na kanga yake begani, anainama, anashika shingo ya kitunguu kwa vidole viwili pale majani yanapotokea ardhini, anaibonyeza kidogo. Halafu anasonga mbele. Siku nyingine anarudi nyumbani hasemi kitu. Siku moja anarudi anasema, "Kesho," na kesho yake tunavuna.

Nilikuwa namuuliza, "Mama, unasikia nini hapo shingoni?"

"Nasikia kitunguu," ananijibu.

Basi. Darasa limeisha.

Alama za kila mtu nazijua, maana huko kwetu kila mwenye mdomo anazo. Majani ya chini yakikauka na ya juu yakabaki mabichi, vuna. Jani bichi moja ni ganda moja, wanasema, kwa hiyo ukingoja yakauke yote, kitunguu kinabaki uchi ardhini, punje zinaachana, kinaoza. Ukiwahi, kinakuwa na maji, ganda halijashika, na ukikitundika kinanyauka mpaka unakuta mfuko mtupu. Yote hayo nayajua. Ila jani la chini linakauka pia kwa ukungu, linakauka kwa kutu, linakauka kwa kukatiwa maji, na maji tulishayakata kwa amri ya mama mwenyewe. Sasa lipi lilikuwa linakauka kwa kukomaa na lipi kwa shida zake? Nilikuwa nalitazama jani nalo linanitazama.

Na ile mbegu haikuwa ya kununua. Mama aliipata kwa mama yake, pamoja na matuta yale yale, kwa sababu kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Ni saumu ndogo kiasi, ina wekundu kwenye ganda, kali mpaka inatoa machozi. Kila mwaka tunachagua vichwa vya kupanda, tunavitundika juu ya moshi, msimu ukifika vinarudi ardhini. Haijawahi kukatika. Ikioza shambani mwaka mmoja tu, ndiyo imekwisha, hakuna duka utakalokwenda kuitafuta.

Lakini tusidanganyane, mbegu peke yake isingeninyima usingizi. Kilichokuwa kinanikaba ni kingine. Mama alikuwa ameuweka mwaka wake wote kwenye ile siku. Kila simu: nitakaporudi kuvuna. Daktari akimnyoosha mguu anapiga kelele, halafu anamwambia mdogo wangu, fanyeni haraka, saumu zangu zinaningoja. Nikivuna bila yeye, nitakuwa nimemwambia kwa mikono yangu kwamba harudi. Nikimngoja na saumu zikaoza, nitakuwa nimemzikia mbegu ya mama yake. Nilikuwa naamka nimeuma meno.

Halafu kulikuwa na mtani.

Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu mababu. Wao ndio wanaotuzika na sisi tunawazika wao. Kwetu likitokea la kutokea, wao ndio wanaokuja kwanza, kanga viunoni na majembe mkononi, na wao ndio wenye ruhusa ya kuchekesha watu msibani mpaka waliofiwa wanakosa adabu na kucheka. Siku zisizo na msiba ruhusa yao ni kutukana na kuchukua. Mtani akichukua kitu chako hujaibiwa, na ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Mtani wetu huyu ni bibi wa rika la mama, mwembamba, jino moja la mbele hana, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Amemtania mama tangu wakiwa wasichana.

Kila akipita kwenda mferejini alikuwa anapanda kwenye matuta yetu, anang'oa kitunguu.

"Shikamoo, bibi," namwambia, kwa sababu adabu ni adabu.

"Marahaba ya nini? Mtumwa hasalimii, mtumwa anatoa kitunguu." Ameshakishika mkononi, anakipangusa udongo kwenye kanga yake.

"Bibi, nakuomba. Mama amesema kisitoke hata kimoja mpaka aje."

"Akija lini? Mwambie afanye haraka kurudi au afanye haraka kufa, nimemisi ubwabwa wa msibani kwenu. Mwaka ule wa baba yenu mlitia mafuta vizuri."

Ndivyo utani ulivyo, kila mtu anajua, na mama mwenyewe angekuwepo angemjibu kwamba atakayetangulia ni mwenye pengo. Lakini mama hakuwepo, na mimi moyo wangu ulikuwa mwepesi wa kuumia. Nilikuwa natabasamu huku damu inanichemka. Bibi anakaa kwenye jiwe letu, anakipasua kitunguu changu kwa kisu chake, anatafuna punje mbichi macho yakimtoka machozi, anatupa maganda miguuni pangu na kuondoka zake bila kuaga. Wakati mwingine anasema, "Maji matupu." Wakati mwingine hasemi kitu.

Akishaondoka nilikuwa nainama kuokota yale maganda. Nayahesabu, nayanusa, nayapasua kwa kucha. Ndiyo, nilikuwa nimefika huko. Mwanamke mzima kapiga magoti shambani anachunguza mabaki ya mwizi wake, kwa sababu hicho ndicho kitunguu pekee kilichovutwa, na sikukivuta mimi.

Siku zikaenda. Majani yakapanda kukauka, la pili, la tatu. Wenzetu wa ng'ambo wakavuna. Nikawaona wanapita na mafungu vichwani, wakaniuliza, "Vipi, nyie bado?" nikajibu, "Bado kidogo," kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Jioni nikapanda mfyulisini.

"Wamevuna ng'ambo, mama."

"Wale wanavuna kwa macho," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, nikafikiri ni mtandao. "Shingo zimelegea?"

"Sijui, mama. Mimi sijui kuzishika."

Nikatoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Nakuja," akasema. "Wiki ijayo nakuja. Daktari amesema nimeanza kukanyaga."

Halafu mdogo wangu akachukua simu, nikamsikia anatoka nje nayo, mlango wa bati ukagonga. Akaniambia taratibu kwamba mama hajaanza kukanyaga chochote. Amejaa kifua, anakohoa usiku kucha, na jana alikuwa na homa. Kesho anamrudisha hospitali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ndiyo nakwambia sasa, dada."

"Kesho nateremka."

"Uteremke uje ufanye nini? Mke wangu yupo, mimi nipo. Mama amesema ukiacha shamba atakulaani. Kaa na vitunguu vyake, dada, ndivyo vinavyomweka macho."

Nilimfokea. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mdogo wake anayemuogeshea mama. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Haya, usiku mwema," na mimi nikabaki nimeegemea shina la mfyulisi, nalia kwa hasira na sijui hasira yenyewe ni ya nani.

Kesho yake mtandao haukushika. Nikapanda asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Kumbe mnara ulikuwa umezima, watu wote kijijini walikuwa wanainua simu juu kama wanaonyesha tiketi. Kesho yake tena hivyo hivyo. Na juu ya vilele, upande wa mashariki kunakotoka mvua, mawingu yalianza kukaa na kukataa kuondoka. Mvua za vuli zilikuwa bado hazijafika wakati wake, lakini siku hizi nani anaijua mvua? Inakuja kama mgeni asiye na barua. Mchana ule matone machache yakaanguka, yakaacha alama kwenye vumbi la matuta, yakakoma.

Nilishuka kwenye vitunguu nikachuchumaa. Nikanyoosha mkono mara tatu kushika shingo moja, na mara zote nikaurudisha. Unaweza kucheka, lakini nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeanza kuvifunga viwili hivi pamoja kichwani mwangu, mama na vitunguu. Vikiwa bado ardhini, mama bado anakuja. Siku nitakayovitoa, huko hospitali na wao watamtoa. Najua ni ujinga. Mtu mwenye hofu haulizi kama jambo lina akili, analishikilia tu. Nikarudi ndani na mikono mitupu, nikaketi jikoni nikisikiliza bati.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mzito, ule wa kukatika kwa kisu. Nilikuwa mlangoni nawasha moto wa chai nikasikia watu wanapanda kutoka mferejini. Halafu wakatokeza. Mbele alikuwa bibi mtani. Kanga ameifunga kiunoni, ameikaza. Jembe begani. Nyuma yake walifuata wanawake wawili wa ukoo wao, nao kanga viunoni, nao na majembe. Hawakuwa wanacheka. Hawakuwa wanasema neno.

Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuelezwa maana ya hilo. Kibiriti kilinianguka. Nilijua wamepata habari kwa njia nyingine, kwa dereva, kwa mtu aliyetoka mjini, na wamekuja kama inavyotakiwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisikia sauti inatoka kwangu, sikuipanga. Nikakaa chini pale pale kizingitini, nikaweka mikono kichwani. "Mama! Mama yangu! Mama!"

Bibi akasimama. Akaniangalia juu mpaka chini.

"We mtumwa," akasema, "unamlilia nani?"

Nikamnyooshea kidole jembe lake.

"Nani kafa?"

"Si... si nyie mmekuja..."

Ndipo alipoelewa, na nikaona uso wake umebadilika. Jembe akalitua. Halafu akajitikisa, akatema mate pembeni, akarudi kuwa yeye.

"Loo! Haraka gani hiyo ya kula ubwabwa? Mama yako hafi, shetani hajamaliza kumtafutia nafasi. Inuka hapo, unatuzibia njia. Tumekuja kuiba."

"Kuiba nini?"

"Wewe una nini kingine cha kuibwa? Nguo zako hizo?"

Wakanipita. Wakaingia kwenye matuta, bibi kwenye tuta la juu, wenziwe chini yake, wakaanza. Wanatia jembe pembeni kwa upole, wananyanyua udongo, wanavuta. Nikawakimbilia, machozi bado yananitiririka, nikamshika bibi mkono.

"Bibi, hapana! Mama amekataza!"

"Amemkataza nani?"

"Mimi."

"Amekukataza wewe. Mimi amenikataza lini? Tena mtani anakatazwa?" Akautoa mkono wangu. "Na wewe usishike hata kimoja. Sikia vizuri. Kaa pale kwenye jiwe, utazame, upige kelele za mwizi ukitaka. Mikono yako ibaki misafi, ili ukimwambia mama yako hukuvuta, uwe hukuvuta."

Nikakaa kwenye jiwe. Nilitazama wanaiba, na moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko mikono yao. Kila kitunguu kilichotoka nilikinyooshea shingo. Cha kwanza kilitoka kizima, ganda limekaza, mizizi imeshika udongo. Cha pili pia. Walipofika tuta la chini, kwenye unyevu, vikaanza kutoka vilivyofumuka, punje zimeachana kama meno ya mtoto, ganda limebaki kwenye udongo. Si vingi. Lakini niliviona, na nikajua kwamba wiki ijayo ya mama isingekuta kitu. Wale wanawake wakavifunga mafungu kwa majani yake yenyewe na kuvipandisha mpaka jikoni kwetu, wakavitundika kwenye miti ya dari juu ya moshi, mahali pake hasa, kana kwamba wamezaliwa humo.

Bibi alikuwa amefika mwisho wa tuta la juu, karibu na mfyulisi. Alibakiza kimoja. Akakiangalia, akakiacha.

"Hicho?" nikamuuliza kutoka kwenye jiwe.

"Hicho cha mwenyewe. Mwizi mwenye adabu habebi vyote. Akija, aje akishike."

Mvua ilikuja kabla ya adhuhuri. Haikuwa ya matone tena. Ilimwagika mpaka matuta yakawa yanatiririsha maji kutoka moja kwenda jingine na mfereji ukabadilika rangi. Tulikuwa jikoni sote wanne, tunakunywa chai ya tangawizi, harufu ya saumu mbichi imetukaba koo. Nilikuwa nacheka sasa, nacheka hovyo, kama mtu aliyenusurika kugongwa na pikipiki. Nikamshika bibi magoti, nikamshukuru. Nikamwambia nani angefikiria akili kama ile, kuniokoa bila kunivunjia amri.

Hakunitania. Akaizungusha chai kwenye kikombe.

"Si akili yangu," akasema.

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe. Alinipigia nikiwa gulioni, kabla mnara haujazima. Alikuwa anakohoa mpaka nikamwambia akate simu tuongee kesho. Akasema kesho hapana. Akaniuliza vile nilivyokuwa natafuna vinasemaje. Nikamwambia cha mwisho hakikuwa na maji. Akasema, basi nenda kaniibie. Yule mtoto atangoja mpaka vioze."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Sasa kwa nini hakuniambia mimi? Angesema tu, vuna. Neno moja!"

Bibi akanitazama kwa muda, na macho yake hayakuwa ya mtani hata kidogo. Yalikuwa ya mtu aliyemjua mama kabla mimi sijamjua.

"Angekwambia vuna," akasema, "wewe ungemuuliza anarudi lini."

Mmoja wa wale wanawake akachochea moto. Nikaangalia juu, kwenye mafungu yanayoning'inia, na nilichojisikia sina jina lake. Kulikuwa na aibu ndani yake, na huruma, na hasira pia, kwa nini nisiseme, hasira ya kwamba mama alikuwa amekaa kule kitandani na hofu yake na mimi huku na yangu, tumeshikilia kamba ile ile kutoka pande mbili, na hakuna aliyethubutu kuiachia mbele ya mwenzake.

Mtandao ulirudi kesho yake mchana. Mvua ilikuwa imepumzika, ardhi bado ina tope. Nikapanda mfyulisini, nikaegemea upande wangu. Mdogo wangu akapokea. Nikamwomba radhi kwanza, akasema, "Yameisha, dada." Mama wamempa kitanda, wanamtundikia dawa, homa imeshuka kidogo, kifua bado. Amekonda. Akampelekea simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti nyembamba kama uzi. "Habari za huko?"

Nikavuta pumzi. "Mama, tumeibiwa."

"Tumeibiwa nini?"

"Saumu zote. Mtani wako kaja na genge lake mchana kweupe."

Akacheka. Wallahi, mama alicheka, mpaka kikohozi kikamkamata na nikamsikia mdogo wangu anamwinua. Nikangoja. Alipotulia akasema, "Mwizi mkubwa yule! Na pengo lake! Sasa kabakiza chochote?"

"Kavitundika vyote jikoni kwetu."

"Hana akili. Mwizi gani huyo?" Akapumua. "Vikoje?"

"Vizuri, mama. Vya chini kidogo vilikuwa vimeanza kufumuka. Vya juu vyote vimefunga."

"Ehee," akasema. "Ehee." Ilikuwa kama mtu anayekunywa maji.

Swali lilikuwa limeshanijaa mdomoni, utarudi lini mama, maneno matatu tu, nimeyasema kila jioni tangu alipoondoka. Nikayameza. Yaliteremka vibaya, lakini yakateremka.

"Kipo kimoja kimebaki," nikamwambia. "Hapa hapa chini ya mfyulisi. Bibi kakuachia wewe. Kasema ukija uje ukishike."

Nyuma yake nilisikia kigari cha hospitali kinapita, magurudumu yanalia, mtu anaitwa.

"Uko karibu nacho?"

"Nipo nacho miguuni."

"Kishike shingo. Vidole viwili. Chini kabisa, pale jani linapotokea."

Nikachuchumaa taratibu nisipoteze mtandao, simu nimeibana kwa bega. Udongo ulikuwa wa baridi. Nikashika.

"Bonyeza kidogo. Usiminye, bonyeza. Unasikia?"

"Nasikia."

"Inakuwaje?"

Nilifumba macho. Kwa nje jani lilikuwa kavu, limelegea, limechoka. Ndani yake, kwa ndani kabisa, kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa bado hakijakubali.

"Imelegea nje," nikasema. "Ndani bado imeshika kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

"Ndiyo hiyo," mama akasema. "Hiyo ndiyo siku yake. Ikipita hapo umechelewa. Kivute."

"Mama, hiki ni chako."

"Najua ni changu. Kivute."

Tope lilikishikilia, halafu likakiachia. Kilitoka kizima, chekundu kidogo, na mizizi yake yote. Nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa na kitunguu mapajani.

"Kimetoka?" akauliza.

"Kimetoka, mama."

"Haya. Mwakani usimngoje mtu."